Survival haitaki kombo, inataka ubahili wa damu

Mleta uzi, nimelisoma swali lako pamoja na majibu yaliyotangulia. Unacheza Street Fighter V, gemu ya kupigana, upande wa Survival (unapigana na foleni ya wapinzani wa kompyuta kwa damu, yaani uhai, ile ile) ngazi ya Hard, unatumia mpiganaji Ken. Unafika mpinzani wa arobaini na kitu, unakufa, unaanza tena kutoka wa kwanza. Umeuliza mambo mawili: ujifunze kombo (mfululizo wa mapigo yanayounganika) ndefu zaidi au ubadilishe mtu? Na je, mateso yote hayo yatakufaa siku ukikaa na binadamu mwenye pedi yake? Wakuu wengi hapo juu wamekwambia ukaze kwenye kombo. Mimi nakupinga kwa heshima: kombo ulizonazo zinatosha, na huenda ndizo zinazokuua.

Anza na hesabu. Survival ya gemu hiyo ina ngazi nne: Easy ina wapinzani 10, Normal 30, Hard 50, Hell 100. Kila mmoja ni raundi moja tu, na damu utakayobaki nayo ndiyo utakayomkuta nayo anayefuata. Sasa chukulia kila mtu unampiga huku akikula sehemu moja tu ya kumi ya damu yako. Kwa pambano la kawaida umecheza vizuri sana, aliyekaa pembeni atakupigia makofi. Kwa Survival, bila dawa, mtu wa kumi anakuzika. Ndiyo maana kule swali la "nimeshinda au nimeshindwa" halina uzito sana. Swali ni huyu amenila kiasi gani. Ukimpiga mtu haraka na kwa madaha huku ukimwachia robo ya damu, wewe ndiye uliyepata hasara.

Ukiitazama hivyo, kombo ndefu inaanza kuonekana ghali. Ili uifungue inabidi usogee karibu, na ukiwa karibu na mashine, yaani kompyuta, ya viwango vya mwisho unakaa pabaya. Ukikosea pigo moja katikati, haikushangai kama mtu, inajibu pale pale. Mtama mmoja wa mbali, wa ncha ya mguu, unamwangusha na kukurudishia nafasi. Damu anayotoa ni kidogo, lakini wewe hujatoa kitu. Fanya hivyo hivyo mpaka aishe.

Mashine nayo lazima uijue tabia. Tangu Street Fighter II ya 1991 wachezaji wanalalamika kwamba kompyuta inaiba, na kweli inaiba. Mpiganaji Guile akichezwa na binadamu lazima ashikilie nyuma kwa muda kabla hajarusha Sonic Boom, kombora lake. Guile wa kompyuta anatembea mbele huku anakurushia. Kwenye viwango vya juu unapata hisia kwamba imesoma kitufe chako kabla mkono wa mtu wako haujanyooka. Ukiruka kuiendea, inakudungua. Ukijaribu kuishtukiza, haishtuki, haina moyo wa kushtuka. Basi usishindane nayo kwa wepesi, huo ni uwanja wake. Shindana nayo kwenye ujinga wake: ina majibu ya kudumu, na ukiiuliza swali lile lile inakupa jibu lile lile hata kama limeiumiza muda si mrefu.

Mfano ni Zangief, yule mpiga mieleka, ambaye naona kwenye maelezo yako ndiye anayekumaliza mara kwa mara. Mimi nilimkuta nikiwa na robo ya damu, yeye mzima. Nikarudi mpaka umbali wa kama robo tatu ya skrini, nikarusha Hadoken, ule moto wa mikono. Akaikinga. Nikarusha nyingine, akaruka kunifuata. Sikuongeza ya tatu, nilishaiacha pedi itulie nikimsubiri, nikamkata hewani kwa Shoryuken, ile ngumi ya kupaa, akaenda chini. Hapa ndipo vijana wanapoharibu. Mtu kaanguka, mkono unawasha, unataka umkimbilie umbane akiamka. Zangief akiamka nawe uko puani kwake anakushika, na ile kabali yake ya kuzunguka hewani haikingiki, ukiikinga unabebwa vile vile. Kwa damu ya robo, hapo ndiyo mwisho wa safari. Nilichofanya ni kurudi nyuma hatua mbili, mpaka umbali ule ule, na kurusha moto tena. Akaikinga, akaikinga, akaruka, nikamkata, nikarudi nyuma. Mdogo wangu aliyekuwa anaangalia aliondoka akaenda kuoga. Zangief alikufa bila kunigusa.

Ndiyo, ni mchezo wa kuchosha. Anayetaka burudani acheze na rafiki zake.

Kukinga pia kuna bei, usidanganyike. Kwenye Street Fighter mapigo maalumu yanachoma damu kidogo hata ukiyakinga, na vidogo hivyo kwa watu 50 vinakuwa kikubwa. Ndiyo maana nasisitiza umbali: pigo lisilokufikia ni bora kuliko ulilolikinga, na ulilolikinga ni bora kuliko lililokupata. Usitafute sifa ya kujibu kila kitu.

Halafu kuna duka. Baada ya kila ushindi gemu inakuletea orodha ya nyongeza unazonunua kwa pointi zako: kurudisha damu, kuongeza nguvu ya kupiga, kuimarisha ulinzi na kadhalika. Orodha inabadilikabadilika, huwezi kuamuru dawa ije pale unapoihitaji. Umesema wewe unanunua nguvu ya kupiga kila ikionekana, "ili niwamalize haraka". Mkuu, huko ni kuzichoma pointi. Katika watu 15 au 20 wa mwanzo wa Hard, ambao wanasimama kama wamesahau kilichowaleta, usinunue chochote kama damu yako iko juu ya nusu. Limbikiza. Huko mbele utakuja kupishana na mtu mmoja anayekuachia uhai wa kuhesabika, orodha ije na dawa kubwa, na wewe uwe huna pointi kwa sababu ulizimalizia kwa wapinzani wa mwanzo kina Birdie waliokuwa hawapigi. Ulinzi naununua nikiingia theluthi ya mwisho. Nguvu ya kupiga naiweka mwisho kabisa, labda dawa zote ziwe hazipo.

Kuhusu kubadilisha mtu: baki na Ken. Ana moto, ana Shoryuken, ana mtama, vyote vitatu unavyovihitaji. Ukitaka kujua mtu gani anafaa Survival ya gemu yoyote, usiangalie nani ana nguvu kwenye mashindano, angalia nani anaweza kuumiza bila kusogea.

Hilo nililijua kabla ya Street Fighter V, kwenye Tekken 3, gemu nyingine ya kupigana, ya PlayStation ya kwanza, ile ya 1998. Kwenye banda la gemu tulilokuwa tunacheza mtu alilipia kwa gemu, anayepigwa anampisha mwingine. Watoto wajanja wakagundua kwamba ukichagua Survival, gemu moja haina mwisho mpaka ufe, kwa hiyo mtoto mwenye mkono mzuri anakaa kwenye benchi hadi foleni inaanza kutukanana. Mwenye banda akaipiga marufuku, ukitaka Survival ulipie kwa saa. Sheria za Tekken zilikuwa laini zaidi: ukishinda unarudishiwa damu kidogo, na kukinga hakuchomi damu. Kwa hiyo pale kukinga kulikuwa na faida zaidi kuliko kwa Street Fighter. Unakinga mapigo yote ya mashine mpaka imalize mfululizo wake, kisha unampa moja kubwa wakati amesimama wazi. Mpiganaji Paul Phoenix ndiye alikuwa fundi wa hilo, ngumi yake moja ile ya kusogea nayo ilikuwa inaondoka na kipande cha damu ambacho wengine walihitaji mapigo manne kukipata.

Lakini mfalme wa Survival ya Tekken 3, kwa wanaojua, ni mpiganaji Yoshimitsu. Jamaa anaweza kukaa chini akakunja miguu kama yuko kwenye swala zake, na akiwa amekaa hivyo damu inarudi polepole. Unamwangusha mtu mbali, unakaa, unachota damu, anaamka anakuja, unasimama unakinga, unamwangusha tena. Kuna waliosema huo si uanaume. Mimi naona gemu ndiyo iliyompa, hakuiba. Tahadhari tu: Yoshimitsu huyo huyo ana pigo la kujichoma upanga mwenyewe tumboni, na nimeona watu wakibonyeza vibaya wakajimaliza kwenye ushindi mnono.

Kuna jamaa hapo juu amechanganya Survival na Tekken Force, nadhani ni vizuri kutenganisha. Survival ni foleni: mmoja akifa, anaingia mwingine. Tekken Force ya humo humo kwenye Tekken 3 ni kundi: unatembea kuelekea kulia, askari wanakujia kwa mawimbi, kila hatua ina mkubwa wake na mwisho unamkuta Heihachi, mkubwa wa wote. Ubahili wa damu ni ule ule ila adui wako mkubwa ni mgongo wako. Ukiruhusu mmoja apite nyuma, utakula mateke wakati unamshughulikia wa mbele. Kazi yako ni kujisogeza ili wote wawe upande mmoja, na kupendelea mapigo mapana yanayowaangusha wawili watatu kwa pamoja. Na yule kuku anayedondoka, wa kukurudishia damu, usimkimbilie ukiwa na damu nyingi. Maliza kwanza kundi, kuku mle ukiwa na njaa. Wale waliomfungua Daktari Bosconovitch, mpiganaji wa siri wa humo, wanajua hiyo njia ilivyo ndefu.

Mortal Kombat ya 1992 nayo ilikuwa na ya aina yake, Endurance: wapinzani wawili wanafuatana kwenye raundi ile ile na wewe huongezewi damu, mara tatu hivyo, kabla ya Goro, yule mkubwa wa mikono minne. Ukiangalia vizuri, ni Survival ya watu wawili, na somo lake ni kwamba wa kwanza usimpige kwa pupa. Kwa wa simu, Shadow Fight 2 ina Survival ya watu 10 na wengi wetu tunaichezea sarafu tu. Humo ushauri wangu ni mfupi: silaha ndefu, rudi nyuma, piga anapoingia.

Sasa swali lako la pili, kama inasaidia kwa binadamu. Inasaidia mkono, inaharibu kichwa. Mkono unazoea kumkata mtu anayeruka bila kufikiri, na unajifunza kutopapatika ukiwa na damu ya mwisho, jambo ambalo wengi hawalipati kwa kucheza mtandaoni wakiwa na raundi ya pili ya kujitetea. Lakini ukimrushia binadamu Hadoken mbili akakinga, ya tatu hatairukia kwa sababu amekuona ukimsubiri. Atatembea. Atakinga, atatembea, mpaka umekosa pa kurudi nyuma, na wewe uliyezoea kuuliza swali moja utakuwa huna la pili. Nimeshuhudia mtu aliyemaliza Hard na watu kibao akipigwa mbili bila na kijana asiyejua hata kwamba Survival ipo. Binadamu pia anaogopa, na hofu hiyo ndiyo unayotakiwa kuifanyia kazi: kumkimbilia akiamka, kumshika, kumfanya abahatishe. Yote hayo Survival inakufundisha usiyafanye. Kwa hiyo zicheze zote mbili, ila usicheze Survival usiku kucha halafu asubuhi uende kwenye mashindano, utakuwa mwoga kupita kiasi.

Kama unachotaka ni rangi za nguo za Ken, kumbuka Survival inafungua za mtu mmoja mmoja, ukimaliza na Ken hujamfungulia mwingine kama Karin kitu. Chagua watu wawili unaowapenda, wengine waache. Normal ukiimaliza bila kununua dawa zaidi ya chache, ndipo urudi Hard, kwa sababu itakuonyesha wapi unavuja damu bila sababu. Ukiweza rekodi mchezo wako, kisha uutazame bila kujali ulishinda au hukushinda. Andika tu kila mpinzani kakuondokea na kiasi gani. Nakuhakikishia utaona watu wawili au watatu wale wale wanakula nusu ya bajeti yako, na hao ndio wa kuwafanyia mazoezi, wengine unawaweza.

Hell binafsi nakushauri uiache. Watu 100 kwa mkao mmoja, mwishoni mashine inapiga kama imekosewa heshima, na zawadi ni rangi. Ukiwa na kichwa ngumu kama mimi ukaamua kuijaribu, hakikisha kwanza una UPS (betri ya akiba) au inverta, na uwaambie nyumbani mapema kwamba televisheni haipo mpaka umalize. Umeme ukikatika mtu wa tisini, hakuna anayekurudishia.

Ukirudi hapa tuandikie damu unayobaki nayo ukimaliza mtu wa 20 na wa 35, tukuambie unavujia wapi.