Jirani mjane wa Mbagala: aanzie wapi kutafuta msaada

Dada, umeuliza jirani yako mjane wa Mbagala, mwenye mtoto mwenye ulemavu, atayapata wapi mashirika ya kumsaidia. Usianzie kwenye intaneti. Anzeni kwa mjumbe, kisha serikali ya mtaa mchukue barua ya utambulisho, maana kila mlango mtakaobisha mtaulizwa barua hiyo. Aende nayo kwa afisa ustawi wa jamii, aeleze hali ya mtoto bila kuficha kitu kwa aibu.

Aulizie na TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini. Kaya maskini hutajwa na wananchi wenyewe kwenye mkutano wa mtaa, kwa hiyo asiyekuwepo ni rahisi kuachwa. Hili linaniuma, kwani wanaosahaulika ni hao hao wasiotoka nje kwa kuuguza. Mkutano ukiitishwa, nenda, usimame, umtaje. Na mtu akiomba hela ili amwandikishe, msimpe.

Kwa mtoto, nendeni CCBRT, hospitali ya Msasani, Dar es Salaam, inayohudumia watu wenye ulemavu. Ndugu wa marehemu wakimsumbua kuhusu nyumba, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu hutoa msaada wa kisheria bure. Mkopo wa halmashauri, ule unaotoka kwenye asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, hauna riba, ila kwa wanawake unataka kikundi, kwa hiyo huo usubiri kidogo.