Panya wa gari wanatoka ukutani

Swali la wiki hii limetoka kwa msomaji wa mtaa wa Himbi, hapa Goma. Gari lake la Toyota lililala parseli, yaani ndani ya uwanja wa nyumba, wiki tatu. Alipoliwasha, taa ya injini ikabaki inawaka, na fundi alipofungua kapo (kifuniko cha injini) akakuta kiota cha majani makavu juu ya boksi la filta ya hewa, na nyaya nne zimetafunwa. Anauliza apulize dawa gani ili panya wasirudi.

Ndugu yetu, usitafute cha kupuliza. Panya aliyelala kwenye gari lako hakuzaliwa humo. Ametoka ukutani, au kwenye rundo la mbao, au chini ya magunia ya makala (mkaa), na umbali kati ya makao yake na gurudumu lako ndio unaoamua kama atarudi. Kazi kubwa iko nje ya gari. Gari lenyewe linataka kuzibwa matundu machache na kufunguliwa kapo kila baada ya siku chache.

Tuanze na ukuta, maana ukuta wa Goma una mambo yake. Parseli nyingi zimezungushiwa mawe ya volkano, na sehemu za mji zilizofunikwa na lava ya Januari 2002 zimejengwa upya juu ya lava ileile. Mawe hayo yana mianya kila upande. Yakipangwa bila saruji, au saruji ikapakwa usoni tu, katikati hubaki vyumba vitupu ambavyo panya hana haja hata ya kuvichimba. Mwanya unaozidi milimita 6 kidogo tu unampitisha panya mdogo wa nyumba. Panya mkubwa anataka kama sentimita 2, upana wa kidole gumba. Kwingine watu hutafuta shimo la panya ardhini wakalifukia, lakini juu ya lava utafukia moja na yeye atatokea kwa jingine mita mbili mbele. Linalofaa ni kujaza mianya ya ukuta kuanzia chini hadi kimo cha mita moja, upande gari linapolala, na kuongeza mita tatu mbele na tatu nyuma. Changanya saruji sehemu moja kwa mchanga sehemu tatu. Kwenye mwanya mkubwa, sukuma kwanza kipande cha wavu wa chuma kilichokunjwa, ndipo ujaze. Matope, matambara, hata povu la kuzibia linalouzwa kwenye makopo, panya huyatafuna yote kama hayana chuma ndani.

Ukishaziba, lisogeze gari. Kati ya ukuta na gari pabaki mita moja iliyo wazi, iliyofagiwa, isiyo na kitu. Panya hapendi kuvuka uwanja mtupu. Hupita pembeni, mwili ukigusa kitu. Kwa hiyo magunia ya makala, matofali, matairi ya zamani na mbao vihamie upande mwingine wa parseli. Kama mbao hazina pa kwenda, ziinue sentimita 30 juu ya matofali ili mtu akiinama aone mpaka upande wa pili. Kata tawi linalogusa paa la gari, na uhamishe kamba ya kuanikia nguo kama imefungwa karibu nalo, kwa sababu panya mweusi hupanda kamba kwa urahisi uleule anaotembea nao chini. Pumba za kuku zisilale nje usiku. Na zungumza vizuri na sentineli, mlinzi wako wa usiku: mpe ndoo yenye kifuniko ya kuwekea mabaki ya bugali, kwa kuwa mara nyingi yeye ndiye anayekula karibu na gari, na hakuna aliyemwambia kwamba tonge moja lililoanguka linatosha kumlisha panya usiku mzima.

Halafu harufu ya gari lenyewe. Gari lililobeba sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, kutoka soko la Kituku, au magunia ya mahindi na maharagi, linanukia chakula hata likionekana safi. Inua mazulia, toa punje zilizoingia kwenye reli za viti, osha buti kwa maji ya moto na sabuni, liache wazi likauke. Kiti cha mtoto kikaguliwe peke yake. Makombo ya biskuti hujificha kwenye mikunjo yake.

Kwa nini injini? Goma iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, usiku ni wa baridi, mvua ni nyingi, na injini iliyozimwa jioni hubaki na joto kwa saa kadhaa. Chini ya kapo kuna giza, paa, na ile sufi ya kuzuia kelele ambayo ni godoro tayari. Nyaya anazitafuna kwa sababu meno yake ya mbele hayaachi kukua maisha yake yote, ni lazima ayasugue na kitu. Kwenye magaraji husemwa sana kwamba shida imeletwa na nyaya za siku hizi zenye plastiki ya soya. Mimi sioni faida ya kulishikilia hilo. Panya hutafuna pia plastiki isiyo na soya, mipira, mbao, hata bomba la risasi. Gari la zamani halikuokoi.

Sasa matundu. Yako manne ya kutazamwa kabla ya mengine.

La kwanza ni mdomo wa bomba linalovuta hewa kwenda kwenye filta. Kata wavu wa chuma uliopakwa zinki, wenye matundu ya milimita 6, ufunike mdomo huo na uubane kwa kolye (pete ya kubania) ya chuma. Usitumie chandarua wala wavu wenye matundu madogo sana: vumbi letu jeusi litauziba na injini itakosa hewa. Usijaze pamba ya chuma pia, kwa kuwa nyuzi zake hukatika na kuvutwa ndani. Kila unapobadilisha oili, toa wavu, upige mswaki.

La pili ni njia ya hewa ya kabini, ile iliyo chini ya kioo cha mbele, chini ya wipa. Hapo ndipo panya hupita kufika kwenye feni ya ndani na kujenga nyuma ya kidroo cha abiria. Fungua kile kifuniko cha plastiki, weka wavu uleule, ufunge kwa skrubu ndogo. Na kabla ya kuzima gari, weka kitufe cha hewa kwenye alama ya kuzungusha hewa ya ndani. Kwenye magari mengi kitendo hicho hufunga kilango cha kuingizia hewa ya nje. Hakigharimu kitu, na wengi hawakijui.

La tatu ni matundu yaliyotobolewa na mafundi kupitisha waya wa alamu au wa redio kati ya injini na kabini. Gari lililonunuliwa likiwa limetumika linaweza kuwa na tundu la namna hii bila mpira wake. Washa taa ya simu chini ya tablo (dashibodi) usiku, mwenzako asimame upande wa injini: anapoona mwanga, ndipo pa kuziba. Tia mpira wa kipimo chake, au kipande cha wavu kwanza na silikoni juu.

La nne ni matundu ya sakafuni, chini ya mazulia, yaliyopoteza mifuniko yake ya mpira. Angalia, rudisha, basi.

Bomba la moshi wengine hulizuia kwa tambara. Kwa gari litakalolala miezi ni sawa, ila funga kitambaa chekundu kwenye usukani ili atakayewasha akumbuke kulitoa.

Wiki tatu ulizotaja, ndugu, ndizo siku za mimba ya panya. Jike anayekusanya majani leo, ukimharibia kiota kesho ataondoka bila shida. Ukimwacha mpaka azae, atarudi na kurudi. Ndiyo maana kapo ifunguliwe kila siku tatu, si kila mwezi. Tazama juu ya betri, kandokando ya boksi la filta, kwenye sufi ya kapo, na katikati ya injini chini ya bomba za hewa. Mavi ya panya mdogo ni kama punje nyembamba ya mchele, milimita 3 hadi 6. Ya panya mkubwa hupita sentimita moja. Yakiwa meusi, yenye kung'aa na laini, ni ya jana. Yakiwa ya kijivu na yanavunjika, ni ya zamani.

Kuna kipimo kizuri zaidi, nacho hakihitaji pesa: majivu ya makala. Yachuje kwa chujio, yanyunyize jioni kama unga mwembamba kuzunguka kila gurudumu. Juu ya mchanga wetu mweusi, asubuhi utaona nyayo na mkia ulipoburutwa, na zaidi ya yote utaona wametokea upande gani wa ukuta. Usitumie unga wa mahindi. Huo ni mwaliko.

Kuwasha gari dakika tano kila asubuhi likiwa limesimama hakumfukuzi panya. Unampashia chumba. Liendeshe dakika 20 au 30, kisha liegeshe mahali tofauti kidogo. Ukiwa na hangari na sentineli wa kuaminika, acha kapo wazi usiku na taa ndogo ya sola juu yake. Giza na paa vikikosekana, mahali pale hapamfai tena.

Kuhusu vinavyouzwa. Naftalini kwenye kabini haimzuii panya, bali mvuke wake unamdhuru dereva na watoto. Mafuta ya mnanaa hunukia siku chache, harufu ikaisha. Vifaa vya mlio usiosikika na binadamu havina ushahidi wa kutosha, na panya huuzoea mlio. Nchini Marekani, tume inayolinda wanunuzi iliwaandikia onyo watengenezaji na wauzaji wa vifaa hivyo mwaka 2001. Kinachosaidia kidogo ni utepe wenye ukali wa pilipili, ambao Honda huuza kwa ajili ya nyaya, lakini unalinda waya uliofungwa tu, si wa jirani yake.

Sumu iwe mbali na gari. Zile za kuzuia damu isigande huua baada ya siku kadhaa, na panya hufia kwenye njia ya hewa, nawe utaendesha na harufu hiyo wiki nyingi. Paka akimla, naye anaumia. Vile vipakiti visivyo na jina vinavyotembezwa mitaani usivinunue kabisa. Hujui kilichomo, na mtoto hajui kutofautisha. Tumia mitego ya kufyatua, minne hadi sita, kandokando ya ukuta, upande wa chambo ukigusa ukuta. Chambo kiwe siagi ya karanga kiasi cha punje ya haragi, au sambaza iliyofungwa kwa uzi ili isinyakuliwe. Panya mkubwa huogopa kitu kigeni, kwa hiyo acha mitego na chambo bila kuitega kwa siku tatu, ndipo uitege yote usiku mmoja. Usiweke mtego ndani ya injini.

Kwa gari lako ambalo limeshaumia, usiliwashe tena kwanza. Fungua nati ya upande hasi wa betri. Kwenye Toyota mara nyingi ni spana namba 10. Vaa glavu na barakoa. Kiota usikifagie kikavu, kwa kuwa vumbi la mkojo na mavi hubeba magonjwa. Kinyunyizie javeli (dawa ya klorini ya kung'arishia nguo) sehemu moja kwa maji sehemu tisa, subiri dakika 10, kiokote kwa mfuko, kisha pangusa kwa sabuni, maana harufu ya mkojo huwaita wengine. Javeli isimwagike kwenye vichwa vya nyaya, inakula shaba. Fungua boksi la filta, toa filta, angalia kama imetobolewa. Kagua bomba za petroli, mipira ya breki na ya maji. Mpira wa breki au wa petroli wenye alama ya meno haufungwi skochi, unabadilishwa.

Waya ukatwe mpaka shaba safi ionekane, uunganishwe kwa risasi ya kulehemu, uvishwe mpira unaosinyaa kwa moto, kisha zote zirudishwe ndani ya bomba la mikunjo. Maungio ya nyaya nne yasikae mahali pamoja. Yapishane kwa sentimita 3 au 4. Kusokota na kuzungushia skochi kunatosha kumaliza siku, lakini kwa mtikisiko wa barabara zetu na unyevu, waya wa sensa utapoteza ishara yake ndogo ya umeme na taa ya injini itawaka tena. Nyaya mbili za sensa ya gurudumu zinazosokotana ziache zisokotane. Nyaya za mifuko ya hewa, zenye ganda la njano, fundi asiunge. Zibadilishwe seti nzima.

Kwa anayesafiri miezi miwili au zaidi, zungusha gari kwa bati laini lisilo na mikunjo, kimo cha sentimita 90, miguu yake ikizibwa kwa saruji au mchanga uliogandamizwa ili lisibaki na upenyo juu ya lava. Panya hawezi kupanda bati laini, na kimo hicho ni vigumu kwake kukiruka. Toa betri. Mwachie jirani ufunguo na ratiba ya kufungua kapo. Na anayekuja kuwasha agonge kapo mara tatu, aifungue, atazame, kwa sababu paka wa parseli naye hupenda joto hilo, hulala juu ya mkanda wa injini.