Tangi Limejaa, Mche Unanyauka

Swali: Shangazi, shikamoo. Nimepata vile vyungu vya kujimwagilia vyenyewe, vyenye tangi la maji chini. Nikahamishia miche ya nyanya na pilipili hoho kutoka kwenye vikopo vya kitalu, chini nikatandaza kokoto maji yasituame, nikajaza tangi na kujua kazi imekwisha. Hii ni wiki ya pili, miche inalegea kila mchana, na kiboya kinaonyesha maji yamejaa. Sasa naimwagia kikombe kimoja juu kila jioni. Nifanyeje mizizi ishuke iyafikie maji? (Mpenda Hoho)

Jibu: Marahaba, mwanangu. Usitupe vyungu, na miche bado inaokoka. Maji yako chini, mizizi iko juu, na katikati umeweka kizuizi kwa mkono wako.

Kizuizi ni hizo kokoto. Kwenye chungu cha namna hii maji hupanda kwa kupenya nafasi ndogondogo za udongo, kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi. Nafasi za kokoto ni kubwa mno, maji yakifika hapo yanakomea. Tangi linaweza kujaa mwezi mzima na udongo wa juu ukabaki mkavu. Zitoe zote. Kisha kagua mguu wa chungu, yaani ile sehemu ya udongo inayozama ndani ya tangi. Hapo, na hapo peke yake, ndipo pa kushindilia: tia udongo uliokwisha kuloweshwa, ukandamize kwa vidole pasibaki uwazi. Kama chungu chako kina kamba badala ya mguu, iloweshe kabla ya kuifukia, na iwe ya nailoni maana ya pamba huoza.

Udongo wenyewe usichote shambani. Mfinyanzi ukikaa juu ya maji siku zote hugeuka tope, hewa inatoka, na mzizi usiopata oksijeni huoza. Mimi hutumia vumbi la makumbi ya nazi, mboji iliyochekechwa, na perlaiti kidogo, zile chembe nyeupe nyepesi za mwamba zinazoacha nafasi ya hewa. Ufinye kiganjani: ushikamane, lakini ukiugusa kwa kidole uvunjike.

Sasa ng'oa mche mmoja, ule ulio hoi zaidi, uutazame vizuri. Nabashiri utakuta bonge la udongo bado lina umbo la kikopo, na vijizizi vyeupe vimezunguka chini yake duara juu ya duara. Lipasue kidogo. Ndani ni kavu, vumbi tupu, ingawa udongo wa pembeni una unyevu. Udongo mwepesi wa kitalu ukishakauka sana hukataa maji, na kikombe chako cha jioni kinapita kando tu. Tumbukiza bonge zima kwenye beseni la maji. Litatoa mapovu, liache humo mpaka mapovu yakome.

Likishalowa, chukua kisu kikali ulichanje kwa juujuu kutoka juu hadi chini, pande tatu au nne, na ile mizizi iliyojizungusha chini uifumue kwa vidole. Ikigoma, ikate. Najua roho inauma, lakini mzizi uliozoea kuzunguka huendelea kuzunguka hata ukiupa chungu kikubwa. Uliokatwa hutoa matawi mapya, na hayo ndiyo tunayoyataka yaelekee chini. Ifanye kazi hii jioni, kisha weka vyungu kivulini siku chache.

Baada ya kupanda, tangi liache tupu. Hapa ndipo wengi wanaponibishia, eti sasa limewekwa la nini? Mzizi hauendi kutafuta maji yaliyo mbali. Unarefuka pale ulipogusa unyevu na hewa pamoja, na ukikutana na udongo mkavu unasita. Kwa hiyo mwagilia kwa juu, polepole, mpaka usikie maji yanadondokea ndani ya tangi. Acha. Usiguse tena mpaka uchomeke kidole hadi kiungo cha pili ukute pakavu, ndipo umwagilie tena kwa wingi vilevile. Udongo huanza kukauka juu, unyevu unabaki chini, na mizizi inaufuata. Kikombe kimoja kila jioni kinafanya kinyume: kinalowesha sentimita chache za juu, na mizizi haioni sababu ya kuondoka hapo.

Nyanya na hoho huhitaji wiki mbili hadi tatu za namna hii. Mimea ya ndani inayokua taratibu huweza kuchukua miezi, usiiharakishe. Muda ukitimia, jaza tangi nusu na utie alama ya kalamu kwenye usawa wa maji. Maji yakishuka siku ya kwanza usishangilie, ni udongo unaokunywa sehemu yake. Angalia siku zinazofuata. Yakiendelea kushuka, na hasa yakishuka haraka zaidi siku za jua kali, na majani yakabaki wima mchana, basi mizizi imefika.

Hata hapo usilijaze tangi kila ukipita. Liache liishe, lipumzike siku moja hivi, hewa iingie, ndipo ujaze. Lakini nyanya ikishabeba matunda usiinyime maji. Na udongo ukikauka wote mpaka chini, kujaza tangi hakutasaidia. Anza upya kwa kumwagilia juu ili maji yapate njia ya kupandia.

Swali: Shangazi, miche yangu ya nyanya imerefuka sana na kupinda. Naweza kuifukia shina kwenye vyungu hivyo hivyo?

Jibu: Fukia bila woga. Ondoa majani ya chini, ufukie mpaka karibu na majani yaliyobaki. Shina la nyanya hutoa mizizi popote linapogusa udongo wenye unyevu. Ila bonge lisikae juu ya tangi moja kwa moja, acha sentimita kadhaa za udongo katikati. Hoho haina wepesi huo, ipande kwa kina kile kile ilichokuwa nacho kitaluni. Saladi na stroberi ukizifukia moyo, pale majani machanga yanapochipukia, zitaoza.

Swali: Juu ya udongo kumetanda kitu cheupe. Je, ni ukungu?

Jibu: Kikwangue kwa kucha. Kikiwa na manyoya ni ukungu, kikiwa chembechembe ngumu ni chumvi za mbolea. Katika vyungu hivi maji yanapanda tu, yanafika juu, yanakuwa mvuke, chumvi zinabaki, na zikizidi huunguza mizizi. Ondoa tabaka hilo, mwagilia kwa juu maji matupu mpaka yatoke kwa wingi kwenye tundu la maji ya ziada, mwaga yote yaliyomo tangini, urudie mara moja. Punguza mbolea na utandaze matandazo juu. Kama chungu kiko nje, mvua kubwa itakusaidia kuzisafisha.

Swali: Na mshubiri wangu je, niuhamishie humo?

Jibu: Hapana. Mshubiri unataka udongo ukauke kabisa kati ya mwagilio na mwagilio, na chungu hiki kazi yake ni kuzuia hilo lisitokee. Uache kwenye chungu cha kawaida chenye matundu chini.