Maswali na majibu: Maandishi yanayouza, picha za bure na SMS inayohesabiwa mara mbili

Nashona mikoba na kuiuza mtandaoni. Picha zangu watu wanazisifu, lakini oda haziji. Maelezo niliyoandika ni haya: "Mkoba wa kisasa wenye ubora wa hali ya juu, unaokupa mwonekano wa kipekee popote uendapo." Nakosea wapi?

Sarufi iko sawa. Shida ni kwamba sentensi hiyo ukiihamishia kwenye viatu, saa au miwani, bado inasimama. Kuhusu mkoba wako haijasema chochote. Mnunuzi wa mtandaoni hawezi kuushika, kuufungua wala kuutia begani, kwa hiyo maneno yako ndiyo yatakayomfanyia kazi hiyo. Weka mkoba mezani, kisha andika majibu ya maswali ambayo angekuuliza kama mngekuwa mmesimama pamoja. Ni kitambaa gani? Unaingia nini? Ukilowa je? Mkanda ukikatika nani anaushona?

Mimi ningeandika hivi: "Mkoba wa turubai nzito, bitana ya pamba. Unaingia kompyuta mpakato ya inchi 14, daftari na chupa ya maji. Mfuko wa ndani una zipu, wa nje hauna. Mkanda unarefushwa, unaweza kuuvaa kimshazari. Hauzuii mvua kubwa. Uzi ukifumuka ndani ya miezi sita, naushona tena bila malipo."

Tazama hiyo "Hauzuii mvua kubwa". Wauzaji wengi wangeificha, na mimi ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Mtu akiona umetaja udhaifu wa bidhaa yako waziwazi, na sifa ulizozitaja anaziamini. Ila andika ahadi unazoweza kuzitimiza tu. Kama huwezi kushona upya bure, iondoe sentensi hiyo. Mwishoni weka bei, rangi zilizopo na muda wa kufikisha mzigo. Tafadhali achana na "bei njoo inboksi". Wapo wasiotaka kuuliza, nao huondoka kimya kimya bila wewe kujua walikuja.

Naandika makala ndefu zenye utafiti, lakini wasomaji hawafiki mwisho.

Mwaka 1997 Jakob Nielsen, mtafiti wa jinsi watu wanavyotumia tovuti, alichapisha matokeo ya majaribio yake: asilimia 79 ya waliojaribiwa walipitisha macho tu kwenye kila ukurasa mpya, na asilimia 16 ndio waliosoma neno kwa neno. Usikasirike nao, waandikie hivyo walivyo. Jibu la swali lililowaleta liwe katika aya ya kwanza, maelezo yafuate. Vichwa vidogo navyo viseme jambo: "Utangulizi" hakimwambii msomaji kitu, lakini "Leseni ya biashara inahitajika lini" kinamwonyesha pa kusimama.

Picha nilizozipata Google naweza kuziweka kwenye blogu yangu?

Google inakuonyesha picha zilipo, haizimiliki. Chini ya Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, ambao nchi nyingi duniani zimeuridhia, kazi inalindwa tangu inapotengenezwa, hata kama mwenyewe hajaisajili popote. Kuandika "picha kwa hisani ya mtandao" hakukupi ruhusa yoyote.

Nenda Wikimedia Commons, ghala la picha lililoanzishwa mwaka 2004. Kila picha pale ina ukurasa unaotaja leseni yake, usome kabla ya kupakua. Nyingi ni leseni za Creative Commons, zinazoandikwa kwa herufi fupi. CC0 unatumia bila masharti. BY lazima umtaje mwenye kazi. SA inamaanisha ukiibadilisha, kazi mpya uitoe kwa leseni ileile. Kwenye tovuti nyingine utakutana pia na ND na NC, ambazo Commons haizipokei. ND hairuhusu kusambaza picha uliyoibadilisha. Mwenye biashara aiogope zaidi NC, kwa sababu inakataza matumizi ya kibiashara, na tangazo la duka ni biashara hata likiwa dogo namna gani. Na jambo moja ambalo wengi hulipita: leseni inahusu haki ya mpiga picha. Mtu anayeonekana sura kwenye picha hiyo hajakubali kutangaza bidhaa zako.

Nawatumia wateja SMS kwa wingi. Ujumbe una herufi 120 tu, lakini nakatwa malipo ya SMS mbili. Naibiwa?

Inawezekana kabisa huibiwi. SMS moja hubeba herufi 160 ikiwa zote zimo katika alfabeti ya kawaida ya simu. Ikiingia alama moja tu isiyokuwemo, kwa mfano emoji, ujumbe wote hubadilishiwa mfumo na nafasi hushuka hadi 70. Hapo herufi zako 120 zinakuwa SMS mbili.

Sisi tunaoandika Kiswahili tuna mtego wetu. Ukiandika "ng'arisha" kwenye programu ya kuchapia kisha ukanakili, ile alama ya ritifaa mara nyingi hugeuzwa kuwa iliyopinda, na iliyopinda haimo kwenye alfabeti hiyo. Ifute, uandike ile iliyonyooka. Fanya vivyo hivyo kwa alama za kunukuu na vistari virefu, kisha tazama idadi kabla ya kubonyeza tuma.

Je, nikiiachia akili mnemba iniandikie makala, Google itanishusha?

Mwezi Februari 2023 Google ilieleza kwamba inatazama ubora wa maandishi kuliko jinsi yalivyotengenezwa, lakini kuzalisha kurasa kwa lengo kuu la kupanda kwenye matokeo ni kuvunja kanuni zake. Mimi wasiwasi wangu uko kwingine. Programu hizi hutaja mambo ya uongo kwa sauti ileile zinayotajia ya kweli, na anayeulizwa na mteja ni wewe. Itumie kupata maswali ambayo wasomaji wanaweza kuwa nayo, au kukuonyesha sentensi iliyojikunja. Habari za bidhaa na kazi yako ziandike mwenyewe, kwa sababu haijui kwamba mfuko wa nje hauna zipu.

Niandike mara ngapi kwa wiki?

Mara unazoweza kuzidumisha hata wiki yenye kazi nyingi. Moja inatosha. Na makala ya zamani ukiirekebisha ikawa sahihi tena, ihesabu kama kazi ya wiki hiyo.

Mtu amenakili makala yangu nzima na kuweka jina lake. Nifanye nini?

Kwanza hakikisha ni maneno yako aliyochukua. Wazo halilindwi, wala taarifa tupu hazilindwi. Kinacholindwa ni namna ulivyoyaandika. Piga picha ya skrini inayoonyesha anwani ya ukurasa na tarehe, kabla hujamwandikia, maana akishtuka anaweza kufuta. Kisha mwandikie kwa adabu, umpe siku ya mwisho. Asipojibu, peleka malalamiko kwa kampuni inayohifadhi tovuti yake. Zilizoko Marekani zina utaratibu wa kupokea madai hayo chini ya DMCA, sheria ya hakimiliki ya nchi hiyo ya mwaka 1998. Google nayo ina fomu ya kuomba ukurasa ulionakiliwa uondolewe kwenye matokeo ya utafutaji. Kwenye fomu jaza anwani kamili ya kila ukurasa ulionakiliwa, na uweke pembeni anwani ya makala yako ya asili.