Mkaa wa mikoko si nishati jadidifu ukikatwa ovyo

Ndugu, hapana. Hoja kwamba mkaa wa mikoko ni nishati jadidifu, yaani isiyoisha, kwa kuwa "mti huota tena" inategemea ni mti gani. Mkoko wenyewe, ule wenye mizizi inayotoka shinani na kushuka topeni kama nguzo, ukikatwa shina kisiki hufa, hakichipui. Mchu, aina nyingine ya mti wa mikokoni, huchipua, ndiyo maana watu huchanganya.

Mkoko hurudi kwa miche tu. Mbegu yake huota ingali mtini, ikawa kijiti kirefu cha kijani, kisha huanguka na kujichomeka topeni. Mkikata miti mama yote, hakuna cha kuanguka. Na matawi yanayoachwa chini husukumwa na maji kujaa na kupwa, yaking'oa hata miche iliyokwisha shika. Ukitaka kupanda, chagua kijiti kilichoanguka chenyewe, kisicho na tundu la mdudu, ukichomeke theluthi moja tu; ukikizamisha sana huoza.

Halafu tanuri la udongo hupoteza mno: kilo moja ya mkaa hula kuni kavu kilo 5 hadi 10. Ndio hasara kubwa kuliko zote hapa, na haionekani jikoni. Hori ya Tudor huko Mombasa, upande wa Mikindani, imeumizwa sana na ukataji wa kuni, pamoja na maji taka.

Kwa kuni za kupandwa, mvinje ni bora zaidi: hukua haraka hata kwenye mchanga. Ila nao hauchipui vizuri, kwa hiyo kila ukivuna lazima upande upya.