Maswali ya pikapu za zamani: acheni kutoa vitu kwenye gari

Maswali yamejaa tena na nusu yake ni lile lile, "fundi gari yangu inatoa moshi, tatizo nini". Moshi rangi gani? Asubuhi tu au kutwa nzima? Injini gani? Mi sio mganga jamani, sipigi ramli. Mweusi ni mafuta mengi hewa kidogo, angalia ea klina kabla hujagusa nozeli. Bluu ni oili inaungua. Mweupe unaowasha macho asubuhi afu unaisha gari ikipata moto, hiyo ni diseli haijaungua vizuri, na mweupe usioisha huku maji ya rejeta yanapungua, anza kutafuta hela. Haya nimejibu, nisiulizwe tena mpaka mwaka uishe.

Leo nimechukua ya Hilux za diseli za miaka ya 90, zile zenye injini aina ya 2L na 3L, maana ndo ninayoendesha mwenyewe na ndo mnazo wengi.

Shikamoo mzee. Hilux yangu 3L inachemsha nikipanda Kitonga na mzigo. Fundi alitoa themostati, ikatulia wiki moja, sasa imerudi pale pale. Ninunue rejeta mpya? (Iringa)

Marahaba. Sasa hapa ndo mnaponitia presha. Kila gari inayochemsha, jibu la kwanza la gereji ni "toa hiyo themostati, hii nchi ya joto haina kazi". Aliyetengeneza injini alikaa akapima akaiweka, afu we unakuja na spana namba 12 unamwambia hajui kazi.

Chukua themostati ya gari yako uitazame chini, utaona kasahani kadogo. Injini ikipata moto, mlango wa juu unafunguka maji yaende kwenye rejeta, na kale kasahani kanaziba njia ya mkato ambayo maji yanazunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta. Ukiitoa, ile njia ya mkato inabaki wazi muda wote, kwahiyo sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini haijapoa hata kidogo. Yani umetoa kifaa cha kupoza ukidhani umesaidia kupoza. Na ukiwa huna mzigo asubuhi ya baridi huko Iringa injini haipati moto wake, inakula mafuta na kusaga ringi taratibu.

Kuipima ni kazi ya jikoni, mama watoto akiruhusu. Itumbukize kwenye sufuria ya maji, ifunge uzi isiguse chini, washa jiko. Inatakiwa ianze kufunguka kabla maji hayajachemka na ikitolewa ijifunge. Haifunguki, nunua nyingine. Basi.

Tatizo lako halisi nadhani liko kwingine. Tazama mapezi ya rejeta, hasa upande wa mbele, utakuta panzi, matope na mbegu za majani zimejaa kama kichuguu. Safisha kwa maji ya kawaida kutokea upande wa injini kwenda mbele, usipeleke ile mashine ya presha karibu, inalaza mapezi. Pili, gari ikiwa ya moto zima injini, hakikisha funguo uko mfukoni, afu zungusha feni kwa mkono. Ikizunguka kirahisi kama pangaboi basi klachi ya feni imekufa. Na USIKUBALI waichomelee, nawajua. Tatu, mfuniko wa rejeta. Ule mpira wake ukichoka presha inatoka, na maji yasiyobanwa yanachemka mapema. Kitu cha bei ndogo kabisa na hakuna anayekiangalia, wote mnakimbilia rejeta mpya. Nne, asubuhi injini ikiwa baridi fungua mfuniko, washa, chungulia. Mapovu yakija mfululizo kama soda, gasket ya silinda hedi inapitisha, na hapo hata ukinunua rejeta tatu ni kazi bure.

Na weka kulanti. Maji ya kisima ya chumvi yanajenga ukoko humo ndani kama kwenye birika la chai.

Niongeze pleti ngapi za springi nyuma ili pikapu ibebe tani mbili bila kukaa chini? (Kahama)

Nunua Canter.

Sawa, najua hutanunua. Basi nikwambie kitu ambacho muuza pleti hatakwambia. Ingia chini nyuma, angalia juu ya difu, kuna vali ya breki imefungwa kwenye chesisi na ina fimbo inayoshuka mpaka kwenye ekseli. Hiyo vali inapima gari imelala kiasi gani. Mzigo ukiwepo bodi inashuka, fimbo inasukuma, vali inaruhusu breki za nyuma zifanye kazi zaidi. Gari tupu, inapunguza, ili nyuma isije ikakamata na kuteleza. Sasa we umeongeza pleti tatu, gari imebeba tani mbili na bado makalio yako juu, vali inaona gari tupu! Breki za nyuma zinapewa nguvu kidogo, za mbele ndo zinabeba kazi yote, zinaungua, unashuka mteremko unakanyaga pedali na gari haina habari na wewe. Watu wanasema breki zilifeli. Hazikufeli, zilidanganywa.

Wengine ndo wanaenda mbali zaidi, wanaifunga ile fimbo juu kwa binding waya au wanaitoa vali yote. Mvua ya kwanza, gari tupu, unashika breki na nyuma inataka kukupita. Ukibadilisha springi lazima ile fimbo irekebishwe urefu, ina nati zake hapo hapo, mwambie fundi afanye mbele yako.

Nimeishiwa fluidi ya breki njiani, niliongeza haidroliki nyekundu ya stelingi kidogo tu. Kuna shida?

Ipo, tena usiendeshe. Mafuta ya stelingi yanavimbisha mipira yote ya breki, kuanzia masta silinda mpaka wili silinda. Leo pedali iko sawa, baada ya siku chache breki zinakamata haziachii. Kumwaga peke yake hakutoshi, mipira yote iliyoguswa inabadilishwa na paipu zinaoshwa kwa fluidi safi. Chupa ndogo ya DOT 3 au DOT 4 inakaa nyuma ya siti haili chakula, bebeni.

Naweza kutembea na foo wili kwenye lami ili gari ishike vizuri?

Hapana. Kwenye kona tairi za mbele na nyuma hazitembei umbali sawa, na hii gari haina difu ya kati ya kupatanisha, kwahiyo zinavutana mpaka giaboksi ndogo iseme basi. Matope, mchanga, utelezi. Ukirudi lami toa.

Mimi nipo Mombasa nabebea samaki. Tairi ya mbele kulia inanguruma, nataka nibadilishe beringi mwenyewe. Nahitaji nini?

Kaka, karibu. Kazi hii mtu makini anaiweza, tatizo ni soketi moja. Kama ni 4x4 nati za beringi ni kubwa, milimita 54, na hamna mtu anataka kununua soketi anayoitumia mara moja kwa mwaka, kwahiyo wanachukua tindo na nyundo wanagonga pembeni mpaka izunguke. Angalia za kwako, natumaini bado zina pembe, nimeshaona nati imekuwa duara kabisa kama sarafu. Nunua hiyo soketi, changeni watatu mkiwa hamna hela.

Ndani kuna nati mbili na washa ya kufungia katikati, ile washa meno yake yanakunjwa, usirudishe iliyokatika. Beringi badilisha na kikombe chake, usiweke koni mpya kwenye kikombe cha zamani. Girisi usipake juu juu kama mafuta ya mgando. Weka donge kwenye kiganja, shika beringi kwa mkono mwingine, gandamiza ukingo wake kwenye lile donge mpaka girisi itokeze upande wa pili, zungusha kidogo, endelea mpaka umalize duara. Kukaza: kaza huku unazungusha habu ili beringi zikae, legeza, afu kaza tena kidogo tu mpaka tairi isicheze ukiishika juu na chini. Ukikaza kwa hasira itaungua.

Na sili ya nyuma weka mpya. Unabeba samaki, maji ya chumvi yanachuruzika kila siku, na kama unarudi nyuma mpaka ndani ya bahari kupakia ndo kabisa, maji yanaingia humo. Osha chini kwa maji baridi kila jioni. Kupaka oili chafu kwenye chesisi, najua mnapaka, basi msiguse bushi na paipu za mpira.

Asubuhi inazunguka muda mrefu haiwaki, mchana inawaka mara moja. Nimebadilisha betri mbili. (Mbeya)

Betri MBILI. Stata inazunguka vizuri umesema mwenyewe, sasa betri imekosa nini?

Kesho asubuhi kabla ya kuwasha, fungua boneti, piga ile pampu ya mkono juu ya diseli filta mpaka iwe ngumu, afu washa. Ikiwaka fasta, kuna mahali hewa inaingia usiku na diseli inarudi kwenye tanki, fuatilia paipu na zile klipu zake. Ikikataa vile vile, nenda kwenye hita plagi, zile za kupasha injini moto kabla haijawaka. Toa kile kibati kinachoziunganisha juu, chukua balbu ndogo yenye nyaya mbili, mmoja chanya ya betri, mwingine ncha ya plagi. Balbu ikiwaka waya wa ndani wa plagi haujakatika, isipowaka imekufa. Usiunganishe plagi moja kwa moja na betri kujaribu, zipo za volti ndogo kuliko 12, utaiunguza ikiwa nzima. Na hizo spreyi za kupulizia kwenye ea klina wakati hita plagi zinafanya kazi, siku moja itakulipukia usoni.

Ukiwa hapo legeza skrubu ya chini ya filta utoe maji. Wengi mnanunua diseli ya madumu. EWURA, wasimamizi wa nishati na maji Tanzania, walianza kuweka vinasaba (alama za kutambua mafuta halali) kwenye mafuta mwaka 2010 kuzuia uchakachuaji, sawa, lakini kinasaba hakizuii maji wala uchafu wa dumu lako.

Taa ya T-BELT imewaka, fundi anasema anaweza kuizima. Nimwache?

Kuizima anaweza, hata mwanangu anaweza. Inawaka kila kilomita 100,000 kukwambia mkanda wa taimingi ubadilishwe. Ukikatika, pistoni zinakutana na vali na hadithi inaishia hapo.

Pikapu yangu niliinunua kwa mtu aliyeniapia mkanda ni mpya. Nikawasha swichi, taa zote za dashibodi zikawaka isipokuwa hiyo. Nilipofungua dashibodi nikakuta kipande cha tepu nyeusi kimebandikwa vizuri kabisa juu yake, na mkanda wenyewe una nyufa kama kisigino cha kiangazi, umelowa oili ya sili iliyochoka. Kwahiyo badilisha mkanda, beringi yake ya kukazia na sili za mbele kwa pamoja, NDO uzime taa.

Fundi nipo chini ya gari muda huu nabadilisha klachi, nimepandisha kwenye matofali manne. Boliti ya juu ya giaboksi siifikii, natumia spana gani?

Toka chini ya gari kwanza. Tofali la saruji halikuagi, linapasuka ghafla. Tafuta stendi za chuma, huna basi magogo mapana, na tairi ya spea ilaze chini ya chesisi. Ukishatoka niandikie, ya boliti nitakujibu.