Mdogo wangu, kabla ya kukata kushoto geuza shingo

Juzi kijana mmoja wa hapa Goma aliniandikia: "Yaya, nimepewa pikipiki, kila jioni napeleka hesabu kwa bosi. Nifanye nini nidumu kwenye kazi hii?"

Nilikuwa motari, dereva wa pikipiki ya abiria, miaka minne, nikijilipia minervali, yaani ada, ya chuo. Fizikia niliijua, na kanuni za vioo nilizimwaga ubaoni bila kukosea. Lakini mwalimu wetu alituchorea vioo kwa chaki tu, hakutushikisha hata kimoja. Hilo linaniuma mpaka leo.

Jioni moja, kwenye barabara ya Sake, karibu na Ndosho, nilitaka kukata kushoto. Nikatupa jicho kwenye kioo: kamyo nyuma yangu, ndogo kama kiberiti. Nikaona nafasi ipo, nikakata. Honi na bampa vilinifikia pamoja. Mama niliyembeba alichubuka viganja, sambaza zake, wale samaki wadogo, zikamwagika juu ya mawe meusi ya volkano. Mimi goti lilivunjika. Nikiwa nimelala pale niliona kioo changu kimeng'oka, na ndani yake kamyo ileile, imesimama hatua chache tu kutoka kichwani kwangu, bado ndogo.

Miezi mitatu ya magongo ilinipa muda wa kupiga hesabu. Kioo cha pikipiki kimetuna, kinatawanya mwanga. Ndiyo maana kinakuonyesha barabara pana, lakini kila kitu kinapungua, kiwe karibu au mbali. Chukua kioo chenye fokasi (umbali kutoka kioo hadi pale miale sambamba inapokutana, au inapoonekana inatokea) ya sentimita 60, na kamyo ya kimo cha mita 3 iliyo mita 12 nyuma yako. Taswira yake inakaa kama sentimita 57 nyuma ya kioo, na kimo chake hakizidi sentimita 15. Jicho lako likiwa sentimita 60 kutoka kioo, kamyo hiyo inaonekana kama iko karibu mita 25. Umbali umeongezeka maradufu! Na sisi tumezoea kioo bapa cha nyumbani, tukiona kitu kidogo tunajua kiko mbali.

Siku hizi nafundisha, na somo la vioo naanza na kijiko. Mgongo wake ni kioo cha pikipiki: uso wako umesimama wima, mdogo. Kigeuze utazame tumboni: umepinduka, kichwa chini. Sasa sogeza ncha ya kidole mpaka karibu iguse ule ubonde. Kidole kinasimama wima na kunenepa. Kioo cha kunyolea kinafanya vilevile: fokasi ikiwa sentimita 50 na uso uko sentimita 25, unajiona mara mbili. Ukirudi nyuma kupita fokasi, taswira inapinduka. Mwaka huu wanafunzi wangu wote walilijibu swali la kioo hicho, na najivunia.

Basi mdogo wangu, geuza shingo. Kioo kikuonyeshe kwamba kuna kitu, shingo ikuambie kiko wapi. Usikimbizwe na abiria mwenye haraka. Geuza shingo hata kama barabara umeizoea, maana una mtu mgongoni na mama yake anamsubiri.

Leo, kabla ya kurudisha pikipiki, mwombe mwenzako asimame mita 12 nyuma yako. Mtazame kwenye kioo, kadiria umbali, kisha geuka umwone kwa macho. Halafu uniandikie ulichoona.